Joseph Goldberger: Daktari aliyemeza uchafu wa wagonjwa kuonyesha shida iko kwenye sahani

Mwaka wa 1892, kijana mmoja wa New York aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 18 aliacha kozi ya uhandisi katikati. Alikuwa mwanafunzi mzuri tu, hesabu zilikuwa zinaingia, wazazi walikuwa wanamsubiri awe injinia. Kisha siku moja akaenda kusikiliza mhadhara wa daktari katika chuo cha udaktari cha Bellevue, akatoka humo akiwa mtu mwingine. Akahama.

Mimi pia niliacha chuo katikati. Tofauti ni kwamba mimi sikuacha kwenda kusomea udaktari, niliacha kwa sababu karo ilikwama, na semesta moja ikageuka kuwa mbili, basi. Kwa hivyo nikipata stori ya mtu mkubwa aliyewahi kuacha kozi, lazima niifuatilie mpaka mwisho. Hii ya Joseph Goldberger niliifuatilia kwa sababu hiyo, kisha nikakuta inahusu unga wa mahindi. Hapo ndipo nilikaa vizuri.

Goldberger alizaliwa tarehe 16 Julai 1874 katika kijiji cha Girált, eneo ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Austria-Hungary na leo liko Slovakia. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wafugaji wa kondoo. Mwaka wa 1883 walivuka bahari wakaingia New York na kuishi mtaa wa Lower East Side, mtaa wa wahamiaji wa kila kabila, vyumba vidogo, watu wengi. Babake akafungua kiduka cha vyakula. Joseph ndiye alikuwa anazunguka akiwapelekea wateja bidhaa nyumbani. Yaani alianza maisha kama mtu wa delivari, na nadhani hiyo kazi ilimfundisha kitu ambacho madaktari wengi wa enzi yake hawakuwa nacho: alijua familia maskini inanunua nini, kiasi gani, na ni siku gani ya mwezi pesa huwa zimeisha.

Alimaliza udaktari mwaka wa 1895. Akajaribu kliniki ya kibinafsi kwa muda mfupi huko Pennsylvania, ikamchosha. Mwaka wa 1899 akajiunga na idara ya serikali ya Marekani ya afya ya umma, na kazi ya kwanza ilikuwa kupima wahamiaji waliokuwa wanashuka melini New York. Baada ya hapo akawa mtu wa kutumwa kila palipo na mlipuko. Homa ya manjano, homa ya dengue, homa ya chawa huko Meksiko, surua, dondakoo. Si kutumwa tu, aliugua pia. Homa ya manjano ilimpata, dengue ikampata, homa ya chawa nusura imuue. Mwaka wa 1906 alimwoa Mary Farrar, binti wa familia ya kitajiri ya New Orleans, wa ukoo wa Jefferson Davis, yule aliyekuwa rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Myahudi mhamiaji kutoka mtaa wa vyumba vidogo na binti wa wakubwa wa Kusini. Familia zote mbili hazikufurahi sana. Wakaoana hivyo hivyo, wakapata watoto wanne. Mkumbuke huyo Mary, atarudi.

Sasa, mwaka wa 1914 mkuu wa idara yake alimpa kazi ambayo wengine walikuwa wameshindwa nayo. Kusini mwa Marekani kulikuwa na ugonjwa unaitwa pelagra. Ulianza na ngozi: mikono, miguu na shingo vinakuwa vyekundu kama vimeunguzwa na jua, halafu ngozi inakauka, inapasuka na kutoka magamba. Shingoni upele unazunguka kama mkufu. Kisha tumbo linaharibika, mtu anaharisha wiki baada ya wiki. Kisha akili. Mtu anasahau, anachanganyikiwa, anaanza kuona vitu, na wengi waliishia kwenye hospitali za wagonjwa wa akili kabla ya kufa. Ulaya waliujua tangu karne ya 18. Wahispania waliuandika kwanza, na jina lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake ngozi iliyokwaruza. Marekani uligunduliwa kwa wingi kuanzia 1906 na 1907, na ndani ya miaka michache ukawa tishio la kila jimbo la Kusini. Inakadiriwa kwamba kufikia 1940 watu milioni 3 hivi waliugua na 100,000 wakafa.

Fikiria hofu iliyokuwepo. Hospitali nyingine zilikataa kuwapokea wagonjwa. Majirani waliwatenga. Kwa sababu wataalamu wengi walikuwa wameshaamua kwamba pelagra inaambukiza. Enzi hiyo vijidudu vilikuwa ndiyo jibu la kila kitu, na kwa haki, vilikuwa vimejibu mengi: kipindupindu, kifua kikuu, malaria. Tume kubwa ya uchunguzi ilikaa South Carolina ikapita nyumba kwa nyumba, ikasema ugonjwa huu unapita kutoka mtu hadi mtu, na uchafu wa vyoo unahusika.

Goldberger akapanda treni akaenda kuangalia. Hakuenda na darubini. Alienda kwenye hospitali za akili, magereza na makao ya watoto mayatima, akakaa tu akiangalia watu wanavyoishi. Kitu cha kwanza alichokiona ni rahisi mpaka kinauma: wagonjwa wanaugua, wauguzi hawaugui. Wanaishi jengo moja, wanashikana, wanapumua hewa moja, miaka kumi, na hakuna muuguzi hata mmoja ana upele. Vijidudu gani hivyo vinavyojua nani ameajiriwa na nani amelazwa?

Huko Jackson, Mississippi, kulikuwa na makao mawili ya mayatima yaliyojaa pelagra. Akaona kingine. Watoto wadogo chini ya miaka 6 walikuwa salama kwa kiasi kikubwa. Wakubwa zaidi ya miaka 12 pia. Waliokuwa wanaumia ni wale wa katikati, miaka 6 hadi 12. Akaingia jikoni. Wadogo walikuwa wanapewa maziwa. Wakubwa walikuwa wanafanya kazi, kwa hivyo wanaongezewa nyama kidogo. Wale wa katikati hawakuwa wadogo wa kuhurumiwa wala wakubwa wa kutumika, wakawa wanakula uji wa mahindi, mkate wa mahindi na molasi, asubuhi mpaka jioni.

Akaomba pesa za serikali, akabadilisha chakula. Maziwa, mayai, nyama, maharagwe na njegere. Hakubadilisha vitanda, hakubadilisha vyoo, hakuhamisha mtu. Ugonjwa ukaisha karibu wote ndani ya mwaka. Baadaye pesa zilipokatwa na makao yakarudi kwenye menyu ya zamani, watoto wakaanza kuugua tena. Ukiuliza mimi, kesi ilikuwa imeisha hapo. Lakini madaktari wa Kusini hawakukubali.

Basi akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingemfukuza mlangoni, na mimi sina hakika kama ningemtetea. Mwaka wa 1915, kwenye shamba la gereza la Rankin, Mississippi, alikubaliana na gavana Earl Brewer kwamba wafungwa watakaojitolea kula chakula atakachopanga watapewa msamaha. Walijitolea 12, wote wazungu, wote wenye afya. Mmoja aliondolewa kwa sababu ya ugonjwa mwingine, wakabaki 11. Kwa miezi sita hivi walikula biskuti za ngano, uji na mkate wa mahindi, wali, viazi vitamu kidogo, mboga ya majani kidogo, molasi, kahawa na sukari. Tumbo linajaa. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna maharagwe. Mwanzoni waliona wamepata dili safi. Kisha wakaanza kulegea, kichwa kinauma, tumbo linasumbua. Mwishoni 6 kati ya 11 walikuwa na upele wa pelagra. Wafungwa wengine wa shamba hilo hilo, waliokula chakula cha kawaida cha gereza, hawakuugua hata mmoja.

Jamaa alikuwa ametengeneza ugonjwa kwa kutumia sahani peke yake. Na bado wapo waliosema yale majaribio ni utapeli.

Hapo ndipo alikasirika, nadhani. Mwaka wa 1916 akaamua kuwapa wapinzani wake walichotaka: kama ni kuambukiza, aambukizwe yeye. Aprili mwaka huo msaidizi wake, Dkt. George Wheeler, alimdunga sindano ya damu iliyotolewa kwa mgonjwa wa pelagra, naye akamdunga Wheeler. Wakachukua pamba, wakapangusa puani na kooni kwa wagonjwa, kisha wakajipaka wenyewe puani na kooni. Na kama hiyo haikutosha, wakakusanya magamba ya ngozi ya wagonjwa, mkojo na kinyesi, wakavichanganya na unga, wakavifinyanga vidonge, wakameza. Samahani kama unasoma hii ukiwa mezani. Walirudia vikao hivyo mara kadhaa, miji tofauti, na jumla ya waliojitolea walikuwa 16. Wenyewe waliviita sherehe za uchafu.

Mary alikuwa mmoja wao. Wanaume walikataa kumpa vidonge, lakini akasisitiza lazima ashiriki, akadungwa damu ya mwanamke aliyekuwa anakufa kwa pelagra. Huyu ni mama wa watoto wanne. Hakuwa daktari wala hakuwa analipwa na mtu. Vitabu vingi vinamtaja kwa sentensi moja tu kisha vinaendelea na mumewe, na mimi naona hiyo si haki.

Hakuna aliyeugua pelagra. Waliharisha kidogo, wakalalamika mikono inauma palipodungwa, basi.

Sasa swali likawa jingine, na kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko vidonge vya kinyesi. Kama ni chakula, kwa nini watu hawali hicho chakula kinachofaa? Wakubwa wa Kusini walikuwa na jibu tayari: ni wajinga, ni wavivu, wamezoea vibaya, waelimishwe. Goldberger hakuridhika. Akashirikiana na mchumi anaitwa Edgar Sydenstricker, wakachagua vijiji 7 vya viwanda vya nguo huko South Carolina. Wakapita nyumba hadi nyumba wakiandika kila familia inapata pesa ngapi, inanunua nini, wapi, na nani ameugua. Daktari na mchumi na daftari la matumizi ya nyumbani. Matokeo yalikuwa kama ngazi: mapato yakishuka, pelagra inapanda. Familia za chini kabisa ndizo zilizougua zaidi. Na haikuwa mshahara peke yake. Kijiji ambacho wakulima wa karibu walikuwa wanaleta maziwa, nyama na mboga kuuza mwaka mzima kilikuwa salama. Kijiji ambacho watu walitegemea duka la kampuni, na jirani zake wote wamepanda pamba mpaka mlangoni, kiliumia hata kama mshahara ni sawa.

Hiyo pamba ndiyo ilikuwa chanzo. Mashambani, watu weusi na wazungu maskini walikuwa wanalima ardhi ya mwenyewe kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba anataka pamba, kwa sababu pamba ndiyo pesa. Bustani ya maharagwe inachukua nafasi ya pamba. Ng'ombe anahitaji malisho, nayo yanachukua nafasi ya pamba. Kwa hivyo mkulima anakopeshwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi, na deni linakatwa kwenye mavuno. Msimu wa machipuko, akiba ya nyumbani ikiwa imeisha, ndipo upele unatokea. Na waliokufa zaidi walikuwa wanawake na watu weusi. Kipande cha nyama kikipatikana, baba amepakuliwa kwanza, watoto wakafuata, mama akakwangua sufuria. Sidhani hapo ninahitaji kueleza. Wengi wetu tumekulia nyumba ambamo mama anasema ameshiba kabla hajakula.

Mwaka wa 1920 bei ya pamba iliporomoka. Goldberger akapiga hesabu, mwaka wa 1921 akaonya kwamba pelagra itapanda na maelfu watakufa kama watu hawatasaidiwa chakula. Rais Warren Harding akalichukulia kwa uzito, akaomba Kusini isaidiwe. Unafikiri Kusini ilishukuru? Wabunge na magazeti ya huko walipiga kelele kwamba wanachafuliwa jina. Hakuna njaa kwetu, walisema kwa jeuri, sisi si watu wa kuombewa msaada. Wakamshambulia huyu Myahudi wa New York anayekuja kuwaambia wanalishaje watu wao. Ukiwa Mkenya, umewahi kusikia kiongozi akikana njaa huku picha ziko wazi, kwa hivyo naendelea.

Goldberger akaona wazi kwamba hataweza kubadilisha umiliki wa ardhi. Akatafuta kitu cha bei ya chini kabisa. Mbwa wanaolishwa vibaya hupata ugonjwa wa ulimi mweusi, na yeye na wenzake wakashuku kwamba ndiyo pelagra ya mbwa. Walipokuwa wanajaribu kuwaugonjesha mbwa kwa chakula kibaya, mbwa walikuwa wanakikataa, basi wakawaongezea hamira ya kutengenezea bia ili wapate hamu ya kula. Mbwa wakala. Na hawakuugua. Wakasubiri, hawakuugua. Hamira yenyewe ndiyo ilikuwa dawa, na walikuwa wamekaa nayo mkononi bila kujua. Mwaka wa 1927 mto Mississippi ulipofurika na mamia ya maelfu ya watu wakapoteza makazi, Goldberger na Sydenstricker walikwenda tena, na Shirika la Msalaba Mwekundu likagawa hamira kwa tani. Vijiko vichache kwa siku, senti chache, na watu waliokuwa kitandani wakaanza kuinuka.

Lakini nini kilikuwa ndani ya hamira? Goldberger hakukipata. Alikiita tu kwa kifupi kitu cha kuzuia pelagra. Alifika karibu sana, mpaka akawapa wagonjwa triptofani, mojawapo ya vipande vinavyojenga protini, na ngozi zao zikapata nafuu. Akashindwa kuunganisha mwisho. Tarehe 17 Januari 1929 alifariki huko Washington kwa saratani ya figo, akiwa na miaka 54. Majivu yake yalimwagwa kwenye mto Potomac. Alikuwa amependekezwa kwa tuzo ya Nobel mara kadhaa. Mwaka huo huo aliokufa, tuzo ya tiba ilienda kwa kazi ya vitamini, ikapewa Christiaan Eijkman na Frederick Hopkins. Wenzake walistahili, sikatai.

Jibu lilipatikana 1937. Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwaponya mbwa wenye ulimi mweusi kwa asidi ya nikotini, kemikali ambayo ilikuwa imekaa kwenye chupa za maabara kwa miaka mingi bila mtu kujua ni vitamini. Ndiyo vitamini B3 ya leo. Na hapo fumbo la mahindi likafunguka. Mahindi yanayo hiyo vitamini, lakini imefungwa, tumbo haliwezi kuitoa. Mwili una njia ya pili: unaweza kujitengenezea B3 kutoka kwa triptofani, miligramu 60 hivi kwa kila miligramu 1. Ndiyo maana maziwa na mayai, ambayo yana B3 kidogo, yaliwaponya wale mayatima wa Jackson. Shida ni kwamba mahindi yana triptofani kidogo pia. Yamekufungia mlango wa mbele na wa nyuma. Juu ya hayo, mashine mpya za kusaga za miaka ile zilikuwa zinatoa kiini cha punje ili unga uwe mweupe na ukae muda mrefu dukani, na utajiri kidogo uliokuwepo ukaenda nacho.

Wenyeji wa Meksiko waliolima mahindi kwa maelfu ya miaka hawakuwa na pelagra. Wao huchemsha mahindi kwa chokaa au majivu kabla ya kusaga, na hiyo ndiyo inafungua ile vitamini. Wazungu walichukua mbegu, wakaacha mapishi.

Sisi pia tulipokea mbegu bila mapishi. Mahindi yalikuja kwetu kupitia Wareno, na enzi ya ukoloni yakasukuma wimbi na mtama pembeni, mpaka leo mtu akila pilau sahani mbili bado anauliza chakula kiko wapi. Kwa nini basi hatuna mikufu ya upele shingoni? Kwa sababu ya kile kinachokaa kando ya ugali. Omena, maziwa lala, ndengu, kunde, nyama ya jumapili. Githeri ni mahindi, ndiyo, lakini maharagwe yaliyomo yanaleta triptofani ambayo mahindi hayana. Kitu kikiondoka kando ya ugali, pelagra inarudi, haina habari kwamba tuko karne nyingine. Mwaka wa 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanaishi kwa mgao wa mahindi na karanga. Karanga zikakatika. Zaidi ya watu 18,000 wakapata pelagra.

Kipindi nilichotoka chuo nilisota vibaya. Miezi kadhaa ilikuwa ugali na sukuma, ugali na sukuma, na siku mbaya ugali na chai. Midomo ikaanza kupasuka pembeni, nikaamua nina upungufu wa kila kitu. Nikanunua mkebe wa tembe za B3 kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, za miligramu 500 kila moja, nikameza mbili kwa sababu nilitaka zifanye kazi haraka. Dakika ishirini hivi baadaye uso na kifua viliwaka kama nimepakwa pilipili, nikadhani naondoka. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 16 hivi kwa siku, mwanamke 14. Nilikuwa nimemeza ya miezi miwili kwa mpigo. Kuwaka kwa ngozi hupita, lakini ukiendelea na dozi kubwa bila daktari, ini ndilo linaumia. Pesa ya ule mkebe ingeninunulia maharagwe ya mwezi mzima na mayai juu. Nilikuwa nimefanya kinyume kabisa cha hesabu ya Goldberger.

Baada ya kifo chake, miaka ya 1940, Marekani ilianza kuweka vitamini hiyo kwenye unga na mkate, mishahara nayo ikapanda, na pelagra ikapotea Kusini. Kulikuwa na tatizo dogo la jina. Asidi ya nikotini inasikika kama sigara, na waliohusika waliogopa watu watadhani mkate una tumbaku. Wakatunga jina jipya, niasini.

Kenya ilifanya kuwa sheria mwaka wa 2012: unga wa mahindi wa pakiti lazima uongezewe madini na vitamini. Unga wa posho mill hauongezewi, ila ukisagiwa na kiini chake una afadhali kuliko ule mweupe ungekuwa bila nyongeza. Nimegeuza pakiti ya kilo mbili iliyo hapa kwenye keja. Niasini iko kwenye orodha ya nyuma, katikati ya vitamini B nyingine, maandishi madogo sana. Mbele wamebandika bei mpya juu ya bei ya zamani.